Jioni Iliyoachwa Wazi

Areti alipopiga simu kutoka Adelaide, Australia, mwezi wa Februari na kusema anataka kuja Thesaloniki, Ugiriki, kwa likizo, yeye na mumewe, Pelagia alikuwa jikoni anamenya viazi. Aliweka kisu chini, akavuta kiti, akakaa, maana habari nyingine si za kusikilizwa umesimama.

"Shangazi, mimi sitaki likizo ya kulala ufukweni," Areti alisema. "Ufukwe tunao huku mpaka tumeuchoka. Nataka kuuona mji wenyewe. Makanisa, makumbusho, masoko, vyote vile baba alivyokuwa akinisimulia. Na wewe ndiye wa kutupangia. Nani anaujua mji huo kama wewe?"

Ukweli ni kwamba Pelagia aliujua mji wake kama mtu anavyolijua kabati la jirani: kwa nje. Alizaliwa hapo, akaolewa hapo, akamzika mumewe Stratos hapo, na katika umri wote huo alikuwa ameingia makumbusho mara moja tu, akiwa mwanafunzi, na siku hiyo alikuwa anaumwa jino. Lakini hayo si ya kumwambia mtoto wa kaka yako anayepiga simu kutoka upande wa pili wa dunia.

"Niachie mimi," alisema. "Mnakuja lini?"

"Wewe ndiye useme, shangazi. Wakati gani mzuri?"

Alijifanya anafikiri, akahesabu kimyakimya, akakohoa kidogo.

"Mwanzoni mwa Oktoba. Joto limekatika, watalii wamekwenda zao. Mkifika tarehe nne, tano hivi, mtaufaidi mji."

Hakusema kwamba tarehe nane Oktoba ni sikukuu ya Mtakatifu Pelagia, na kwa hiyo ni siku ya jina lake. Hakusema kwa sababu hilo ni jambo lisilosemwa. Siku ya kuzaliwa ni ya watoto na keki zao. Mtu mzima ana siku ya jina, na siku hiyo hakuna mwaliko. Unapika, unasugua glasi, unavaa vizuri, unakaa. Anayekukumbuka anakuja. Kumwambia mtu "njoo" ni kama kusimama njia panda ukaomba, na Pelagia hakuwa mtu wa kuomba. Kiburi hicho walikuwa nacho watu wote wa rika lake, ila cha kwake kilikuwa kimenona.

Enzi za Stratos siku hiyo nyumba haikuwa na pa kukanyaga. Makoti ya wageni yalirundikwa kitandani mpaka yakaanguka upande wa pili. Stratos alikuwa akizunguka na sinia la glasi ndogo za likeri, ile pombe tamu ya matunda, akimlazimisha kila mtu kunywa, akisema uongo mtupu kuhusu samaki aliowavua. Kisha Stratos akafa. Mwaka wa kwanza Pelagia alitoa tangazo gazetini, kama desturi ilivyotaka: yuko matangani, mwaka huu hapokei wageni. Watu wakaheshimu. Mwaka wa pili hakutoa tangazo. Alipika, akasugua glasi, akakaa, na hakuja mtu. Mwaka wa tatu vilevile. Tangazo la kufunga mlango lipo, lakini la kuufungua tena hakuna aliyewahi kulibuni, na watu walikuwa wameshazoea kupita mbele ya jengo lake tarehe nane wakiwa wameinamisha vichwa, kwa heshima zao nyingi zisizo na faida.

Sasa damu ya kaka yake ilikuwa inakuja. Minas, Mungu amrehemu, aliondoka kijana na sanduku moja akaenda kuwa fundi bomba Australia, lakini hakuwahi kukosa kupiga simu tarehe nane. Bintiye hawezi kukosa kujua. Watakuwa mjini, watakuwa karibu, watabonyeza kengele. Pelagia hakutaka kingine. Kusikia kengele ya mlango siku ya jina lake, basi.

Alianza kupanga siku hiyohiyo.

Kwanza alikwenda makumbusho ya mambo ya kale, kuona kama yanafaa. Msichana wa tikiti aliinua macho.

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja tu?"

"Kwani unawaona wengine?" Pelagia alimjibu, na msichana akachapa tikiti bila kuongeza neno.

Ndani alitembea kutoka chumba hadi chumba akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Kulikuwa na shada la dhahabu la majani ya mwaloni, jembamba hivi kwamba majani yalitikisika mtu akipita, na alisimama mbele yake muda mrefu. Alitaka kumwambia mtu: hebu tazama, kuna hata mbegu zake. Aligeuka. Nyuma yake alikuwepo mlinzi, anapiga miayo. Pelagia akageuka tena akalitazama shada, akajiambia kwamba atakapokuja na Areti atasimama hapahapa, atasema maneno hayohayo, kana kwamba yamemjia papo hapo.

Ikawa ndiyo kazi yake ya miezi yote iliyofuata. Alipanda Mji wa Juu, mitaa ya kale ya mlimani, kwa miguu ili ajue ngazi zipi zinachosha na benchi lipi lina kivuli. Aliketi kwenye kila benchi kwa zamu, mara upande wake, mara upande watakaokaa wao, ili aone wataona nini. Aliingia makanisa aliyokuwa akiyapita kila siku akienda kununua nyanya, akainua shingo kutazama picha za watakatifu zilizotengenezwa kwa vipande vya vioo, shingo ikamuuma wiki nzima. Alijaribu maduka ya maandazi ya malai asubuhi baada ya asubuhi, na akagombana na mwenye duka mmoja.

"Mwaka jana yalikuwa bora," alimwambia.

"Bi mkubwa, mwaka jana hukuja hapa."

"Ndiyo maana yalikuwa bora. Nina wageni kutoka Australia, usiniaibishe."

"Wanakuja leo?"

"Wanakuja Oktoba."

Yule bwana alitazama kalenda ya ukutani. Ilikuwa Mei. Akamwongezea andazi moja bure, na Pelagia alikasirika zaidi, maana alijua andazi la kuhurumiwa likoje.

Kila Jumapili Areti alipiga simu, na Pelagia alimsomea ratiba ilivyofikia. Jumapili hizo zilikuwa tamu. Alivaa hereni, ingawa simu haikuwa ya picha.

"Siku ya kwanza Mnara Mweupe, halafu mnatembea ufukoni mpaka mchoke. Mawingu yakikaa vizuri mtauona mlima Olimpo ng'ambo ya maji."

"Craig atafurahi," Areti alisema kuhusu mumewe. "Anapenda milima."

"Siku ya pili magofu ya Warumi. Craig anapenda magofu?"

"Craig anapenda chochote kilichovunjika, shangazi. Njoo uone karakana yake."

Pelagia alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha Areti akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba wameshapata hoteli, nzuri sana, inaangalia bahari.

Chumba cha nyuma Pelagia alikuwa amekipaka rangi. Alikuwa amenunua shuka.

"Hoteli," alisema.

"Hatutaki kukusumbua, shangazi. Watu wawili wazima, na Craig anakoroma kama trekta."

"Mmefanya vizuri," Pelagia alisema. "Hoteli zina lifti nzuri."

Akaendelea na ratiba. Siku ya tatu soko. Siku ya nne makumbusho asubuhi, chakula cha mchana samaki.

"Na siku hiyo ya nne jioni?" Areti aliuliza. "Hiyo si ndiyo tarehe nane? Hujataja kitu."

"Jioni hiyo nimeiacha wazi."

"Wazi kabisa?"

"Wazi. Msipange chochote."

"Sawa, shangazi. Jioni ya kupumzika basi. Tutakuwa tumechoka."

Pelagia alitabasamu peke yake pale sebuleni. Mtoto mjanja, alijisemea. Ameelewa, na anajifanya hajaelewa, kama inavyotakiwa. Damu ya Minas haipotei.

Walifika. Areti alikuwa na pua ya Minas kamili, na Pelagia alipoiona uwanja wa ndege alishindwa kujizuia, akalia mbele ya watu. Kigiriki cha Areti kilikuwa kile cha baba yake, cha kijana wa zamani, kimejaa maneno ambayo siku hizi hayasemwi na mtu yeyote mjini. Vijana wa hoteli walimcheka kwa siri. Craig alikuwa bonge la mtu, mwekundu, mwenye adabu, asiyejua Kigiriki hata neno, na kila alichopewa kula alikimaliza. Siku tatu walizunguka pamoja. Pelagia aliwaongoza mbele kama jemadari, akiwaonyesha benchi lenye kivuli, na moyoni alikuwa na furaha iliyomtia woga. Usiku akirudi nyumbani, ukimya ulikuwa mkubwa kuliko kabla hawajaja.

Tarehe nane asubuhi walikwenda makumbusho. Mbele ya shada la dhahabu alisimama.

"Hebu tazama," alisema. "Kuna hata mbegu zake."

"Jamani, shangazi! Macho yako makali!" Areti alimkumbatia. Hakumpongeza kwa siku yake, na Pelagia alijua kwa nini: pongezi inaletwa nyumbani, mkononi kuna boksi la keki lenye utepe. Nani anapongezwa katikati ya makumbusho? Baada ya samaki waliagana mlangoni mwa hoteli.

"Basi jioni ni huru," Areti alisema.

"Huru kabisa," Pelagia alijibu, akaondoka haraka ili uso usimsaliti.

Kwenye lifti ya jengo lake alikutana na Lukia wa ghorofa ya tatu, mjane mwenzake, anayeishi chini yake tangu majengo hayo yakiwa mapya. Zamani Lukia ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha hodi tarehe nane na wa mwisho kuondoka, tena akiwa ameimba.

"Miaka mingi, Bi Pelagia," Lukia alimpongeza kwa sauti ya chini, kama anampa mkono wa pole.

"Ahsante, Bi Lukia. Na wewe ubarikiwe."

Lukia alimtazama. Lifti ilipanda polepole, kama ilivyo kawaida yake. Neno moja tu, njoo, lingetosha, lakini Pelagia hakulisema. Lifti ikasimama ya tatu. Lukia akashuka na mfuko wake wa vitunguu.

Saa kumi na mbili jioni kila kitu kilikuwa tayari. Tini zilizopikwa kwa sukari nzito zilikuwa kwenye kibakuli cha kioo, kijiko kando. Vikeki vya lozi vilipangwa kwenye sinia, vimenyunyiziwa sukari nyeupe. Chupa ya likeri ya cheri ilikuwa imepunguzwa nusu, ili isionekane kwamba haijaguswa. Pelagia alivaa gauni la bluu, la kwanza lisilo jeusi tangu msiba, akakaa kwenye kiti kinachoelekea mlango. Kisha akahama, asionekane alikuwa anaungoja mlango.

Binamu mmoja wa Kavala alipiga simu, akampongeza, akaanza habari za goti lake. Pelagia alimkatiza, laini isije ikawa na shughuli. Giza liliingia. Aliwasha taa zote, hata ya chumba cha nyuma. Alikula kikeki kimoja ili sinia lisionekane jipya mno, akapangusa sukari mdomoni, akakaa. Alipitisha kitambaa juu ya meza ambayo haikuwa na vumbi. Sauti za viatu zilipanda ngazi, zikafika karibu, zikaingia mlango mwingine. Hapo alihisi upweke ukimkaa kifuani kwa uzito wake wote, na alijichukia kwa kuwa amejipamba.

Simu ikalia. Ilikuwa Areti.

"Shangazi! Miaka mingi! Ulidhani nimesahau?"

"Ahsante, mwanangu! Ahsante!"

"Uko nyumbani? Uko na watu?"

Swali hilo Pelagia alilijua. Aliwahi kuulizwa mara nyingi katika maisha yake, na jibu lake ni moja. Mwenye siku ya jina hawezi kusema yuko peke yake. Ni aibu inayomwangukia mpaka anayesikia. Tena kusema nyumba imejaa ndiko kumwambia mtu apande, maana penye watu ndipo watu wanapokwenda. Alinyoosha mkono akaongeza sauti ya televisheni, ambako watu walikuwa wanabishana kuhusu mpira.

"Nyumba imejaa!" alipaza sauti. "Hapana hata pa kukaa!"

"Kweli? Lo, nimefurahi! Tulikuwa na wasiwasi kwamba uko peke yako."

"Peke yangu? Mimi?"

"Basi sisi hatukusumbui. Shughulika na wageni wako. Tutaonana kesho, shangazi. Nakupenda sana!"

Simu ikakatika. Pelagia alibaki ameishika, na wale wa televisheni wakaendelea kugombana. Akazima. Alijiambia kwamba labda ni utani, labda wanakuja tu hata hivyo, Minas naye alipenda utani. Akafungua mlango wa roshani apate hewa.

Chini, ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la dawa lililofungwa, alimwona Craig. Mtu mwenye umbo lile hafichiki. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na ameshika boksi la keki kwa utepe wake, akilining'iniza mbali na mwili, lisibonyee. Kando yake Areti alikuwa anarudisha simu kwenye mkoba. Walikuwa wamefika mpaka mbele ya jengo. Walipiga simu kutoka hapo, kuuliza kama wanaruhusiwa. Ndivyo walivyolelewa huko kwao: mtu haingii kwa watu bila kuambiwa ingia, na nyumba ikijaa wageni usiowajua unageuka unakwenda zako, na hayo kwao ndiyo mapenzi.

Areti alisema kitu. Craig aliinua mabega, akatazama boksi, na wote wawili wakaanza kutembea kuelekea baharini.

Pelagia alishika chuma cha roshani. Bado angeweza kurudi ndani. Kesho angewasimulia wageni waliokuja, akataja hata majina, na ratiba ingeendelea mpaka siku ya uwanja wa ndege, kila mtu na heshima yake. Kwenye roshani za jirani watu walikuwa wamekaa na kahawa zao. Wangesikia wote. Mtaa mzima ungesikia.

"Areti!"

Basi lilipita. Areti hakugeuka.

"Areti! Hakuna mtu!" Alipiga kelele kama mchuuzi, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Nimekudanganya! Nyumba tupu! Sina mgeni hata mmoja! Pandeni, mwanangu! Njooni!"

Mazungumzo ya kwenye roshani yalikatika. Mtu mmoja ng'ambo aliweka kikombe chini. Kule mbele Craig ndiye aliyesimama kwanza. Hakuelewa neno, lakini alisikia jina la mkewe. Akamgusa bega. Areti aligeuka akaanza kutafuta kwa macho, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka akamfikia. Akaweka mkono mdomoni. Kisha akaanza kukimbia kuvuka barabara, na mumewe nyuma yake amelikumbatia boksi.

Pelagia alikuwa bado ameinama juu ya chuma, anahema, masikio yanawaka. Ndipo aliposikia sauti kutoka chini yake kabisa. Lukia alikuwa ametoka kwenye roshani yake ya ghorofa ya tatu, na aproni yake ya jikoni, na alikuwa amepindua shingo kumtazama juu.

"Pelagia," alisema, bila Bi wala nini. "Kumbe unapokea wageni?"

Pelagia alimtazama. Hasira ilimpanda, na nyuma yake machozi, na hakujua kipi kianze.

"Nimekuwa napokea miaka yote, Lukia," alisema. "Kila mwaka nimekaa hapa na sinia."

"Na mimi kila mwaka nimekaa hapa chini," Lukia alisema, "nasikiliza unavyovuta viti."

Ndani, kengele ya mlango ililia, lakini hakuna kati yao aliyeondoka pale mara moja.